Sebule nimeipaka rangi kwenye kompyuta kwanza

Jamani, kabla hamjanunua kopo la rangi, pigeni picha ya ukuta mchana, taa zikiwa zimezimwa. Mimi nilifungua picha ya sebule kwenye GIMP, programu ya kuhariri picha, nikauchagua ukuta peke yake, nikaongeza safu mpya ya kijani iliyopoa na kuiweka kwenye Multiply, yaani hali inayochanganya rangi ya safu na picha iliyo chini yake. Vivuli vyote vikabaki palepale: kile cha pazia, hata ule ufa mwembamba juu ya swichi. Ndipo rangi inaonekana imekaa ukutani kweli, si kubandikwa. Ila njia hii inataka ukuta mweupe, kwa sababu Multiply hutia giza tu, haing'arishi. Kijani nimeipenda mno! Bado nitapaka kipande kidogo nikitazame jioni taa zikiwaka, maana skrini ina mwanga wake.