Siku Yangu na Kamera ya Mkobani

Saa 11:40 alfajiri. Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale Mombasa, bado kuna kiza. Nakunywa chai ya haraka, navaa buibui, na ndani ya mkoba wa kazini, kati ya leso na chakula cha mchana, naitia kamera. Olympus OM-D E-M10 Mark II iliyokwisha kutumika, gramu 390, na lenzi ya milimita 17 yenye gramu 120. Nilipokuwa nikipiga picha za harusi nilibeba Canon 5D Mark III na lenzi mbili, ya milimita 24-70 na ya 70-200, zaidi ya kilo tatu, tangu bibi harusi anapopambwa mpaka usiku wa manane. Bega la kulia ndilo lililonitoa kwenye kazi ile. Miaka minne sikushika kamera, nikadhani na hamu yenyewe imekufa.

Saa 12:25. Niko Ngomeni, pale Fort Jesus, chini ufuoni. Jua linachomoza ng'ambo, upande wa Nyali, na ule ukuta wa matumbawe ulioanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 unageuka rangi ya mahamri. Mvuvi anafua maji ndani ya dau kwa dumu lililokatwa mdomo. Naishika kamera usawa wa kiuno, nainua skrini yake, natazama kwa juu. Amenitupia jicho, tukasalimiana, akaendelea kufua. Zamani ningetoa lile dude angesimama wima na kutengeneza kofia, na picha ingekuwa imekwisha.

Kisha kijana akajirusha majini kutoka ukutani, miguu juu. Nikabonyeza: kimya. Kamera ilikuwa imelala. Ukiiacha dakika moja inajizima kulinda betri, na mpaka iamke, jambo limeshapita. Nimeumia.

Saa 2:00. Ofisini. Makaratasi ya kontena, simu, wenye mizigo wanaotaka kila kitu jana. Bandarini hapapigwi picha, mkoba unakaa chini ya meza mpaka jioni.

Saa 11:15 jioni. Nateremka barabara ya Ndia Kuu kwa miguu. Fundi wa milango yuko barazani, patasi mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Lile zigo lako umelitua wapi?"

"Nimeliuza, baba."

"Umefanya la maana. Njoo karibu basi, uone hili ua."

Na kukaribia ndiko lenzi hii inakotaka. Sensa ya kamera hii, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, ni milimita 17.3 kwa 13, wakati ile ya ful-fremu, kama Canon yangu ya zamani, ni 36 kwa 24, hivyo lenzi hii ya 17 inaona upana kama wa lenzi ya 35 kwenye kamera kubwa. Ukitaka mikono ya fundi ijae kwenye picha, huna budi uchutame karibu naye, unuse mbao. Nimepiga kidole gumba chake kikipangusa vumbi kwenye petali iliyochongwa nusu. Sijapata kupiga picha niipendayo hivi kwenye harusi yoyote.

Baada ya magharibi. Muuza kahawa, dele lake juu ya makaa, mwanga mwekundu ukimpanda kidevuni. Wepesi wa sensa kwa mwanga nimeupandisha hadi ISO 1600, tundu la lenzi wazi kabisa, f/1.8, sehemu ya 15 ya sekunde, bila stendi. Kitulizi cha mtikisiko ndani ya kamera kimeishika picha vizuri, ila mkono wake unaomimina umefanya ukungu. Chembechembe za ISO ya juu pia zipo kwenye picha. Kwa ukumbi wenye giza na watu wanaocheza, bado ningeitaka sensa kubwa, nalisema hilo wazi. Lakini kahawa hii mimi naipita kila jioni, na kamera kubwa ilikuwa ikilala kabatini.

Saa 3:00 usiku. Bega halijauma. Nimefungua menyu na kuongeza muda wa kulala mpaka dakika 5. Betri itaisha mapema zaidi, kwa hiyo nimechaji ya pili nikaitia mkobani. Kesho saa 12 na nusu wale vijana watakuwa pale ukutani.