Plasta kwenye Sirinji

Mara ya tatu nilipomwita, dani alikuja ameifunga sirinji ya kupimia dawa ya maji kwenye pindo la leso, kama watu wanavyofunga nauli.

Ilikuwa 2019, nikiwa afisa wa kliniki katika kituo kidogo cha afya upande wa Ahero, karibu na Kisumu. Sote tulimwita dani, jinsi Wajaluo wanavyomwita nyanya. Alikuwa akimlea mjukuu wake wa miaka mitatu na ushei, mama mtu alishafariki. Mtoto aliletwa kwetu mwaka uliotangulia akiwa mbavu tupu, kilo 9.4, akaanzishiwa ARV, dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, pamoja na ile lishe ya njugu ya pakiti. Akanawiri, hata wauguzi wakawa wanagombania kumbeba. Halafu sampuli yake iliyopelekwa maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, kule Kisian ikaleta jibu ambalo hatukulitarajia: nakala 6,400 za virusi kwa mililita moja ya damu. Utaratibu wetu ulikuwa kwamba hesabu ikifika 1,000, mlezi aitwe kwa vikao vitatu vya ushauri nasaha kuhusu unywaji wa dawa, ndipo mtoto apimwe upya.

Vikao hivyo niliviendesha mimi, na niliviendesha kama polisi. Cha kwanza nilimuuliza dani saa anazompa mtoto dawa. Akasema jogoo akiwika, na tena redio ikisoma habari za saa moja usiku. Sikumwamini. Cha pili nikamng'ang'ania kwa habari ya friji. Lopinaviri ya maji, mojawapo ya ARV zake, hutakiwa kukaa mahali pa baridi. Tena ni chungu ajabu, ina kileo zaidi ya asilimia 40, na mtoto anayeitema simlaumu. Dani hana umeme, chupa huizika kwenye mchanga mbichi kando ya mtungi. Basi nikawa nimempata mshukiwa wangu. Nikaandika kwenye faili kwamba mlezi hahifadhi dawa ipasavyo, na inashukiwa hampi mtoto dozi kamili.

Kila kikao kilimla nauli ya boda na kibarua cha siku nzima cha kufukuza ndege kwenye mpunga wa watu. Hilo sikuliandika.

Sasa siku hiyo ya tatu nilikuwa nimeshaanza hotuba yangu alipofungua lile pindo, akaiweka sirinji juu ya meza. Ilikuwa na kipande cha plasta kilichochakaa, kimebandikwa kwenye mililita moja na nusu. Ni sisi tuliombandikia, kwa sababu hasomi tarakimu.

"Daktari," akasema, "huyu nguo nimembadilishia mara mbili. Uji nimeongeza kikombe. Hii tu ndiyo haikui?"

Nilimtazama mtoto. Alikuwa ameketi kwenye benchi akipigapiga visigino, na suruali imemwishia juu ya vifundo.

Nikamwambia avue viatu na sweta. Mizani ikasoma 14.2. Nikampandisha tena, ikasoma vilevile. Chati ya dozi za watoto ilikuwa ukutani, nyuma ya kiti changu. Niliipa mgongo kila siku. Dozi ya mtoto haifuati umri, hufuata uzito, na uzito wenyewe umepangwa kwa madaraja: kilo 6 hadi 9.9, 10 hadi 13.9, 14 hadi 19.9, na kuendelea. Ndiyo maana hata msichana wa miaka 15 akiwa na kilo 28, kile kidonge kimoja cha watu wazima chenye dawa tatu ndani yake, kinachoanzia kilo 30, bado si chake. Mtoto wetu alikuwa akipewa mililita 1.5 za lopinaviri asubuhi na jioni, na kidonge kimoja na nusu cha abakaviri na lamivudini, ARV zake nyingine, kwa siku. Dozi ya kilo 9. Alistahili mililita 2.5 na vidonge viwili na nusu. Alikuwa amepita daraja zima akaingia linalofuata, na sisi bado tunampa dawa za yule mtoto wa mbavu tupu.

Nilifungua faili. Uzito ulikuwepo, umeandikwa kwa mwandiko safi kila alipokuja: 10.2, 11.5, 12.9, 13.6. Uliandikwa kwenye ukurasa wa kushoto. Kwenye wa kulia, kwa mkono wangu mwenyewe, mwezi baada ya mwezi: aendelee na dawa zilezile. Kurasa mbili zinazotazamana. Na dozi pungufu si kasoro ndogo, kwani huwaacha virusi hai mbele ya dawa hadi waizoee, na mtoto wa miaka mitatu hana dawa nyingi za kuhamia.

(Tulikuwa na bahati. Aliporudiwa kipimo baada ya miezi mitatu, virusi havikuonekana. Mwaka 2021 zilipokuja dolutegraviri za watoto, ARV za vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, ile chupa chungu akaachana nayo.)

Nilimweleza dani yote, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo changu cha kuokoteza. Nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, akauliza, "Kwa hivyo si mchanga?"

"Si mchanga, dani. Ni mimi."

Nikang'oa plasta ya zamani, nikakata mpya, nikaibandika kwenye 2.5. Akaniambia nizungushe mara mbili, maji huibandua. Nikazungusha mara mbili. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kuandika dawa mpya, lakini hakuinuka.

"Kule ulikoandika kwamba simpi dawa," akasema, "kuko wapi?"

Faili ya mgonjwa haifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja juu ya maneno, unatia sahihi na tarehe, na yaliyo chini yabaki yakisomeka. Nikamweleza hivyo, nikapiga mstari mbele yake na kutia sahihi. Aliinama juu ya ukurasa, akaufuata mstari kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Ni hapa tu?"

Nikafungua ukurasa mwingine.