Ugomvi wa mpaka: anzia Baraza la Kata

Ugomvi wa mpaka wa kiwanja, iwe Mbagala au Goba, huanzia Baraza la Kata. Tangu sheria ilipobadilishwa 2021, baraza hili halitoi tena hukumu za ardhi, linapatanisha tu. Likishindwa, dai cheti cha kuthibitisha hivyo, ndipo ufungue shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, nenda hata bila cheti. Inauma kuona watu wakizungushwa kwa kutolijua hili.

Mkipatana, msiandike "tumekubaliana" pekee. Andikeni vipimo kwa mita, alama za mpaka, nani anabomoa ukuta na lini. Msaini mbele ya majirani mnaopakana nao. Bila vipimo, masika yakisomba alama, ugomvi unaanza upya.