Siku 310

Januari 2001 nilikuwa mwanafunzi huko Columbus, Ohio, na jioni nilikuwa nauza bisi na soda kwenye ukumbi wa chuo kikuu, ule mkubwa wanaochezea mpira wa kikapu. Kazi alinitafutia Mjomba. Hatukuwa ndugu wa damu. Alikuwa mtu wa Tanga aliyetangulia kufika Ohio miaka mingi kabla yetu, na Waswahili wote wa mji ule, Watanzania kwa Wakenya, tulimwita hivyo. Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi wa kibanda chetu, na alikuwa mkali kwenye mambo mawili: hesabu ya vikombe, na Ohio State, timu ya chuo kikuu hicho.

Mwezi ule mji mzima ulikuwa hauna habari nyingine. Januari 2 chuo kilimtimua kocha wa futiboli ya Kimarekani, John Cooper, siku moja tu baada ya kufungwa na South Carolina. Mimi nilisoma rekodi yake gazetini nikashangaa. Misimu 13, mechi 111 ameshinda. Kwetu kocha wa namna hiyo anapewa uraia. Nikamuuliza Mjomba, kwani huyu bwana kakosa nini?

Hakuinua hata kichwa, aliendelea kupanga vikombe. "Soma chini hapo."

Chini hapo waliandika rekodi yake dhidi ya Michigan, chuo cha jimbo jirani la kaskazini: kashinda 2, sare 1, kafungwa 10.

Sikuhitaji maelezo zaidi. Mimi ni mtoto wa Kariakoo, nimekulia kwenye nyumba ya Yanga, na najua kocha anaweza kuwa anaongoza ligi na bado akafungashiwa virago kwa kufungwa na Simba. Watani wa jadi hawana wastani wa pointi. Mjomba naye alitoka kwenye joto hilohilo: Tanga ya enzi zake ilikuwa ama Coastal Union ama African Sports, na yeye alikuwa Mgosi wa Kaya, yaani mtu wa Coastal, kufa na kupona. Alipofika Ohio, ule uhasama wote aliuhamishia kwa Michigan bila kupunguza hata chembe. Jina lao hakulitamka kamwe. Alisema "wale wa kaskazini", kama walivyosema wenyeji tangu enzi za kocha Woody Hayes, na wenyeji nao wana sababu zao, maana majimbo haya mawili yaliwahi kukusanya hadi wanamgambo wakigombea mji wa Toledo, mwaka 1835, kabla hata mpira huo haujabuniwa.

Kidonda chake kikubwa kilikuwa 1995. Ohio State walikwenda Ann Arbor, nyumbani kwa Michigan, hawajapoteza mechi hata moja, wakakutana na kijana mzaliwa wa Kinshasa, Tim Biakabutuka, aliyekimbia na mpira yadi 313 peke yake. Wakalala 31 kwa 23. Mjomba alikuwa akiisimulia mechi ile kwa uchungu, na katikati ya uchungu anajisahau. "Mkongo yule, mwanangu! Ungemwona anavyopita katikati ya watu!" Macho yanamng'aa. Halafu anakumbuka yuko upande gani, ananuna, ananituma nikalete barafu.

Basi ikaanza minong'ono ya kocha mpya. Mjomba alimtaka Glen Mason, aliyekuwa akifundisha Minnesota na ambaye ujanani aliichezea Ohio State. Chuo kikamchukua Jim Tressel wa Youngstown State. Mataji manne ya taifa anayo, ila ya daraja la chini. Mjomba alipokea habari ile kwa maneno mawili tu: "Haya, tutaona."

Alhamisi ya Januari 18 timu ya kikapu ilikuwa inacheza nyumbani, tena na hao hao Michigan, na ikatangazwa kwamba kocha mpya ataonyeshwa kwa watu wakati wa mapumziko. Wapangaji wa ratiba hawangeweza kuipanga vizuri zaidi hata wangelipwa. Sasa, kwa mwuza bisi, mapumziko ndiyo saa ya kutoka jasho. Foleni inafika ukutani, siagi ya moto inakurukia mkononi, mtu anataka kopo kubwa la bisi na chenji ya noti kubwa zaidi. Usiku ule kengele ya mapumziko ililia, na mbele yetu hakuja mtu. Alikuwepo mzee mmoja tu na mjukuu wake, naye alipomaliza kulipa akamkokota mtoto mbio kurudi vitini, soda inamwagika njiani.

Mjomba akafuta mikono kwenye aproni, akaenda kusimama kwenye mlango wa kuingilia jukwaani. Nikafunga droo ya pesa nikamfuata.

Kwa mbali chini tukamwona bwana mmoja nadhifu, nywele zimechanwa zikalala, ameshika maikrofoni. Sauti yake haikuwa ya kocha. Ilikuwa ya mwalimu wa shule ya Jumapili, taratibu, kila neno limepigwa pasi. Akasema watu watajivunia vijana wao darasani. Makofi ya heshima. Watajivunia katika jamii. Makofi tena. Na zaidi ya yote, akasema, siku 310 kutoka leo, kule Ann Arbor, Michigan, uwanjani.

Ukumbi ulilipuka. Watu wazima na suti zao walikuwa wanarukaruka juu ya viti, na pale tulipokuwa tumesimama zege lilitetemeka. Nikamgeukia Mjomba. Alikuwa ametulia tuli, midomo inacheza. Nikajua anahesabu miezi mpaka mechi ya Michigan.

"Lakini Mjomba, hajasema atashinda."

"Hajasema. Kasema anajua ni lini."

Tukarudi kibandani. Mjomba akachukua kalamu nene, akaandika 310 kwenye boksi la vikombe, na kuanzia kesho yake akawa anafuta na kupunguza. Boksi likiisha anahamishia jingine. Wateja walikuwa wanachungulia namba kwanza ndipo waagize.

Msimu wenyewe haukuwa wa kuimbiwa. Ilipofika wiki ya Michigan timu ilikuwa imeshinda 6 na kupoteza 4, na kwotabeki wao mkuu, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mipira, alikuwa amesimamishwa. Nafasi yake akapewa Craig Krenzel, kijana ambaye, kwa maajabu ya Mungu, alikulia Michigan. Huko Ann Arbor hawakuwa wameshinda tangu 1987.

Novemba 24 ilituangukia katikati ya Ramadhani. Tulijazana sebuleni kwa Mjomba, swaumu midomoni, mihogo ya nazi inachemka jikoni, na harufu inatutesa kuliko wapinzani. Kufika mapumziko ilikuwa 23 kwa 0. Mjomba hakuamini, alituzuia tusifurahi. Kipindi cha pili Michigan wakaanza kurudi kidogokidogo, na kila walipofunga yeye alikwenda kutawadha. Sijawahi kuona mtu mwenye udhu mwingi kama ule. Ikaisha 26 kwa 20, koo zetu zimekauka na magharibi bado.

Mjomba alikuwa na shemeji yake Detroit, mpenzi wa wale wa kaskazini, aliyemtania kwa simu kila Novemba kwa miaka yote ya Cooper. Alimpigia mechi ilipoisha, simu ikaita mpaka ikakata. Alipiga tena baada ya kufuturu. Akapiga tena tuliporudi kutoka tarawehe, na hapo shemeji akapokea. Mjomba akaweka spika ili wote tusikie. Shemeji akatoa salamu ndefu ya Kiislamu, akaulizia watoto mmoja mmoja kwa majina, akauliza kama Columbus baridi imeshaanza, akauliza futari ilikuwa nini. Alipojibiwa mihogo akasema mashaallah, yeye amechoka anakwenda kulala.