Padi ya PS2, gari la plaiwudi na ami aliyeniambia pima kwanza

Ilikuwa Ramadhani ya 2018, nyumbani kwa bibi Makorora, Tanga mjini. Fomu foo nimeshamaliza, nasubiri Julai niende fomu faivu, na mchana wa funga ulivyo mrefu nikasema lazima nitengeneze kitu, roboti ya magurudumu ya kuendesha kwa padi ya gemu. Roboti yenyewe msiifikirie makubwa, ni kipande cha plaiwudi, mota 2 zile za njano zenye gia za plastiki, gurudumu dogo la mbele linalogeuka kila upande, bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayofuata programu unayoiandikia), drayva ya mota L298N (inayozipa mota umeme kama bodi inavyoagiza) na betri 2 nilizozitoa kwenye betri ya laptop iliyokufa. Na padi sasa. Padi ya PS2, yaani ya mashine ya gemu ya PlayStation 2, nilipewa kwenye kibanda cha gemu cha mtaani, kichwa cha waya kimevunjika hawaitaki tena, mimi nikaikata nikachambua waya nikaunganisha 6 ninazozihitaji, yaani data, komandi, atensheni, kloki, umeme wa volti 3.3 na ethi.

Programu niliiandika kwa siku 2 kwa bando la simu. Laibrari ya kusoma padi, yaani programu ambayo wengine wameshaiandika, nikaipata, nikaiweka, ikakubali. Nikachomeka betri uani baada ya futari, wadogo zangu wote wamekaa kwenye mkeka wanangoja, gari likaondoka. Lenyewe! Sijagusa kitu. Polepole hivi, linazunguka tu, nikisukuma stiki ya padi mbele linaendelea vile vile, nikivuta nyuma vile vile, likaenda mpaka kwenye ndoo za bibi likakwama pale na mota zinalia. Bibi akasema mwanangu kizuie hicho kisije kikanimwagia maji. Nikachomoa. Nilikuwa na hakika kabisa kwamba padi imekufa, ndo maana walikuwa wanaitupa.

Ami yangu alikuja kufuturu siku ile. Yeye ni fundi redio, ana meza yake Ngamiani miaka mingi, programu hajawahi kuandika hata mstari mmoja. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaitazama ile padi akaniuliza, "Mwanangu, hii inasema nini?"

Nikamwambia ami haisemi kitu, mbovu.

"Umeipima?"

Sijaipima. Akasema basi hujajua kama ni mbovu, pima kwanza. Redio ikiletwa kwake haanzi kubadilisha vifaa, anaanza na mita mkononi, anafuata umeme umefika wapi na umeishia wapi. Mimi nikafikiria, sasa padi nitaipimaje? Halafu nikakumbuka naweza kuiambia Arduino iniandikie kwenye laptop kila inachokisoma. Tukalipandisha gari juu ya kopo la maziwa magurudumu yazunguke hewani, laptop kwenye kigoda, nikaongeza mstari mmoja tu wa kuandika namba ya stiki ya kushoto.

128. 128. 128. Inashuka kwenye skrini haiishi, nasukuma stiki mpaka mwisho, 128.

Ami akauliza swali ambalo naliheshimu mpaka leo: "Umemuuliza mara ngapi?" Nikaitazama programu yangu nikaliona. Mstari wa kusoma padi nilikuwa nimeuweka kule juu kwenye setapu, sehemu inayofanya kazi mara 1 tu bodi ikiwaka. Kwa hiyo padi iliulizwa mara moja, ikajibu 128, basi, mpaka kesho jibu ni lile lile. Mimi akilini mwangu nilidhani padi ndo inapeleka amri, ukisukuma stiki inapiga kelele twende mbele na roboti inasikia, kumbe haiko hivyo, padi inajibu tu inapoulizwa na kazi ya kuuliza ni ya programu, tena bila kuchoka, mara 20 hivi kwa sekunde. Nikauhamishia ule mstari kwenye lupu, sehemu inayorudiwa tena na tena. Namba zikaanza kucheza. Nikisukuma mbele zinashuka mpaka 0, nikivuta nyuma zinapanda mpaka 255, nikiachia zinarudi katikati.

Padi nzima kabisa.

Lakini magurudumu sasa yakawa ya ajabu zaidi, nikiachia stiki yanazunguka, nikisukuma mbele yanasimama, nikivuta nyuma yanakimbia sana. Hapo sikumsubiri ami aniulize, namba zilikuwa mbele yangu. Ile namba ya stiki nilikuwa naipeleka mota moja kwa moja kama ilivyo, na kwa mota 0 ni kusimama na 255 ni nguvu zote, kwa hiyo stiki ikiwa imetulia kwenye 128 mota inapewa nusu ya nguvu. Ndo maana lilikuwa linaondoka lenyewe! Nikachukua 127 nikatoa usomaji, jibu likiwa chanya mbele, likiwa hasi nyuma, ukubwa wake nikazidisha kwa 2 na kuzuia usipite 255. Na kwa sababu padi ni ya zamani stiki ikiachiwa hairudi sawasawa, mara 121 mara 134, mota zinanguruma bila kwenda, nikaandika kwamba chochote chini ya 15 kuanzia katikati kihesabiwe sifuri.

Tukalishusha chini likazunguka kama pia, maana mota zinatazamana na mbele ya moja ni nyuma ya nyingine, hilo halikuchukua hata dakika, nikageuza waya 2 za mota ya kulia.

Saa tano usiku likaenda. Waya wa padi mfupi kwa hiyo nalifuata nyuma kama mtu anaswaga mbuzi, kutoka mlango wa jiko mpaka alipokaa bibi, nikaachia stiki likasimama mbele ya miguu yake. Bibi akauliza, "Sasa hapo nani kaliambia lisimame?"

Nikamwambia namba, bibi, limeuliza likajibiwa 127. Akasema hebu nipe nami. Akaendesha yeye, na wadogo zangu wakapanga foleni nyuma yake, mpaka betri zikaisha kabla ya daku.