Jinsi tulivyoufanya utalii uitunze kahawa ya Uru

Kihamba, yaani shamba la asili linalozunguka nyumba ya Mchagga huku Kilimanjaro, hupandwa kwa tabaka: juu husimama mifuruanje na miti mingine ya kivuli, chini yake migomba, kisha mibuni, na ardhini magimbi na maharage. Mwaka 2011 FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, lilikitambua kilimo hiki, kama kinavyofanyika Shimbwe Juu hapa Uru, karibu na mji wa Moshi, kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima. Heshima hiyo hailipi ada ya shule, na baadhi ya majirani zangu walikuwa tayari wanang'oa mibuni mikongwe iliyoshambuliwa na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, ili wapande mboga.

Wakati huohuo watalii walikuwa wakipita katikati ya mashamba yetu kuelekea maporomoko ya Materuni, wakinywa kahawa kwa mwenyeji mmoja aliyefahamiana na waongozaji wa mjini, huku sisi wengine tukiishia kuwapungia mikono. Niliwaendea majirani wachache na kuwashauri kwamba ziara igawanywe: kaya moja iwafundishe wageni kuchuma buni mbivu tu, nyingine iwaonyeshe kumenya kwa mashine ya mkono, kuchachusha, kuosha na kuanika, ya tatu itwange kwa kinu, ikaange na kuchemsha, na ya nne iandae mtori. Mbege, pombe yetu ya ndizi, tuliiweka kuwa ya hiari, kwa kuwa wageni wengi humeza funda moja na kukirudisha kibuyu kwa adabu kubwa.

Ugumu haukuwa kwa wageni bali katika fedha. Mzee mmoja aliniambia waziwazi, "Mwanangu, ushirika nimeuona tangu enzi za baba yangu, nionyeshe daftari kwanza." Alikuwa na haki, na tangu siku hiyo malipo ya kila kundi huandikwa mbele ya kaya zote, kisha hugawanywa mafungu matatu: la wenyeji, la mwongozaji, na la mfuko wa shamba. Fungu hili la tatu ndilo ninalolitetea kuliko yote, kwa sababu bila hilo mgeni angekuwa anakuja kutazama shamba linalokufa.

Kwa mfuko huo tumenunua miche ya aina zilizotolewa na TaCRI, kituo cha utafiti wa kahawa kilichopo Lyamungu, zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani, na tumekuwa tukizibua mfereji unaoleta maji kutoka mlimani. Samadi hatuinunui, maana ng'ombe wa zizini hula majani ya migomba na kuturudishia mbolea. Kahawa yetu nyingi bado huuzwa kupitia chama cha msingi cha ushirika; kiasi kidogo tunachokikaanga na kuwauzia wageni hutupatia bei nzuri zaidi kwa kilo.

Sikubaliani na wanaotaka tujenge vyumba vya kulala na kuacha jembe. Mwaka 2020, ndege ziliposimama, ndizi na maharage ndivyo vilivyotulisha. Ndiyo maana Aprili na Mei, mvua za masika zinapotelezesha njia na wageni kupungua, hatuhangaiki kuwatafuta: tunapogoa mibuni, tunapunguza machipukizi ya migomba na kupanda miche mipya kwenye mashimo tuliyokwisha kuyajaza samadi.