Kutafuta aptama ya seli za Burkitt: chuja kwa joto utakalotumia

Saratani ya Burkitt, inayoshika seli B (aina ya chembe nyeupe za damu), ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala. Kwa hiyo anayejifunza kuchuja aptama (uzi mfupi wa DNA unaojikunja na kushika shabaha moja) hapa Uganda ana mfano wa karibu: seli za Ramos, zilizotokana na saratani hiyo, zenye kipokezi cha seli B kwenye utando wake.

Anza na nanomoli 1 ya DNA ya uzi mmoja, yaani molekuli kama 6 × 10¹⁴. Kila uzi una herufi 40 zilizopangika ovyo katikati, na ncha mbili za kushikia praima, vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakili. Pasha kwa 95°C dakika 5, kisha weka kwenye barafu dakika 10 ili nyuzi zijikunje. Bafa (maji ya chumvi ya kuchanganyia) iwe na magnesiamu milimola 5, maana bila hiyo maumbo mengi hayasimami. Tia pia tRNA ya hamira na albumini, zizibe sehemu zinazonasa DNA yoyote ile.

Adui mkubwa ni seli zilizokufa. Utando ukishapasuka, DNA ya kila aina huingia na kubaki humo, na raundi chache baadaye unakuwa umekuza takataka. Umeme ukikatika usiku inkubeta ikapoa, usiziguse seli hizo asubuhi kabla ya kuzipima kwa tripani bluu, rangi inayoingia seli zilizokufa.

Changanya nyuzi na seli za Ramos, kisha osha zisizoshika. Baada ya kuosha, pasha seli kwa 95°C dakika 10, zungusha kwenye sentrifuji, uchukue maji ya juu, yenye nyuzi zilizoshika. Zikuze kwa PCR, yaani unakili wa DNA, uanze raundi nyingine. Kuanzia raundi ya pili au ya tatu, pitisha nyuzi kwanza kwenye seli za CEM, ambazo ni seli T zisizo na kipokezi hicho, na uendelee na zile zisizoshika.

PCR usiiache iende mno. Jaribu kidogo kwanza, ukitoa sampuli kwenye mizunguko ya 8, 10, 12 na 14, uziangalie kwenye jeli. Praima zikiisha, nyuzi tofauti hushikana kwa ncha zake, na badala ya mstari safi unaona ukungu mzito juu.

Sasa joto, jambo ambalo wengi hulipuuza. Aptama TD05 ilipatikana hivi hivi kwa seli za Ramos, na inashika kipokezi hicho vizuri kwenye baridi ya 4°C, ilikochujwa. Kwenye joto la mwili iliachia, ikabidi irekebishwe baadaye. Kama aptama yako itafanya kazi ndani ya mgonjwa, raundi za mwisho zifanye kwa 37°C, tena kwa muda mfupi zaidi na seli chache zaidi, na kila kipimo kiende sambamba na DNA ovyo ya urefu uleule.